Jilo na Mpira Aliowarushia Ndege

Arafa binti Jarso aliuchukia mchezo wa vijiti kabla haujamtenda ubaya wowote. Aliuchukia kwa kuwa ulimwondoa mumewe shambani wakati mpunga umeanza kuinama, na mpunga ukiinama, mwanamume mwenye mkono mzuri hana udhuru wa kuonekana popote isipokuwa juu ya dungu, akifukuza ndege.

Na Jilo alikuwa na mkono mzuri. Hilo hata waliomchukia baadaye hawakulikana. Katika Idsowe yote, na vijiji vyote mpaka mto unapoanza kuonja chumvi, hakukuwa na mtu aliyejua kuamia ndege kama yeye. Wengine walipanda dungu wakapiga vibao na mayowe, na kwelea wakaruka hapa wakatua pale. Jilo alifinyanga vidonge vya udongo wa mtoni, akavianika mpaka vikawa vigumu kama mawe, akakitia kimoja katika kombeo, akalizungusha mara moja, na ndege wakaanguka. Kombeo likikatika alirusha kwa mkono mtupu, na bado wakaanguka.

Arafa aliozwa kwake kwa ajili ya mkono huo. Mama yake, Bibi Esha, alikuwa mjane mwenye mashamba kandokando ya mto na mtoto mmoja wa kiume, Uledi, kijana mpole aliyependa kusoma Kurani kuliko kupigana na ndege. "Tukimpata huyu Jilo," Bibi Esha alisema, "ndege watakula kwingine." Jilo akaja, akajenga nyumba karibu na mama mkwe wake, na kwa miaka michache ndege walikula kwingine kweli.

Wakati huo, mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na Mzungu mmoja mwenye kambi upande wa Kipini. Watu walimwita Bwana Miwani. Siku moja alikuwa akipanda mto kuwinda viboko, akamwona Jilo juu ya dungu akimwangusha ndege aliye angani. Akasimamisha mtumbwi. Akashuka matopeni na viatu vyake, akatoa mpira mwekundu wa ngozi mfukoni, mgumu kama jiwe, akampa Jilo, akamwonyesha mti. Jilo akaupiga mti. Akamwonyesha tawi. Akalipiga tawi. Bwana Miwani akacheka kama mtu aliyeokota pembe ya ndovu.

Tangu siku hiyo Jilo hakuwa tena wa Arafa wala wa mpunga. Kila Ijumaa baada ya swala alishuka kambini, akafundishwa kurusha mpira mkono ukiwa umenyooka. Akirudi alieleza sheria za mchezo, watu watake wasitake. Mmoja hurusha mpira ili aangushe vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini. Mwingine huvilinda kwa gongo bapa. Akiupiga mpira ukaenda mbali, yeye na mwenzake hukimbia huku na huku wakipishana, na kila wakipishana ni alama moja. Mpira ukirudi ukavunja vijiti kabla hawajafika, mmoja amekufa, anatoka.

"Amekufa nini?" Arafa aliuliza.

"Amekufa mchezoni. Anakwenda kukaa kivulini, anakunywa chai."

"Basi hajafa. Mtu mzima akasema amekufa, kumbe anakunywa chai."

Uledi alicheka mpaka akashika mbavu, lakini Jilo hakucheka. Alikuwa amekwisha kuwa mtu asiyependa kutaniwa kuhusu jambo lile.

Ndipo wageni wa Bwana Miwani wakaja kutoka Lamu kuwinda, Wazungu na Wahindi, na ikaamuliwa mchezo uchezwe. Uwanja ulikuwa ule uwanda kati ya kijiji na mashamba ya mpunga, mahali ambapo ng'ombe wa Waorma walikuwa wamekula nyasi mpaka zikabaki fupi. Dida, mchungaji wa ng'ombe hao, alikuja kusimama pembeni na fimbo yake mabegani.

"Ng'ombe wangu wamefyeka uwanja," alisema, "na hakuna aliyewaambia asante. Sasa naona mnagombea kipande cha ngozi. Mngeniambia mapema, ningewapa ngozi nzima na kwato zake."

Kabla ya mchezo kuanza, Bwana Miwani alisimama mbele ya wazee, na karani wake Mgoa akatafsiri. Alisema hivi: upande wake ukishinda kwa mkono wa Jilo, mwaka huo watu wa Idsowe hawatachukuliwa kupiga pondo katika mitumbwi ya serikali.

Hapo hata wasiojua mpira wala vijiti waliketi vizuri. Kila mwaka wanaume walichukuliwa kuisukuma mitumbwi ile kwa miti mirefu dhidi ya mkondo, siku nyingi, kupita Kinakomba mpaka Ndera na kuendelea, na waliorudi walirudi mbavu zao zikihesabika. Mzee mmoja alimshika Jilo bega. "Mwanangu," alisema, "leo umebeba kijiji."

Mchana kutwa Jilo alikibeba. Aliangusha vijiti vya Mzungu mnene, akaangusha vya mwingine, akampiga Mhindi mmoja gotini mpaka akaomba maji. Jua lilipoanza kuteremka, wageni walibaki na wachezaji wawili tu, na walihitaji alama nne. Arafa hakuyaona yote hayo vizuri, kwa sababu alikuwa juu ya dungu katika shamba la mama yake akifanya kazi ya mumewe.

Kisha mpira ukapigwa, ukabiringika upande wa mto, na Jilo akaukimbilia. Aliuokota karibu kabisa na ukingo wa mpunga. Wale wawili walikuwa wamepishana mara moja, nao walikuwa katikati ya uwanja, wamechoka. Alichotakiwa kufanya ni kuurudisha tu. Mti gani, tawi gani, ambalo Jilo asingelipiga kwa umbali ule?

Wakati huohuo wingu la kwelea lilitoka ng'ambo ya mto likashuka juu ya shamba la Bibi Esha. Arafa akapiga ukelele, ule ukelele ambao kila mwanamke juu ya kila dungu huupiga, "Hoooo! Hao! Hao!" Na Jilo, ambaye aliusikia ukelele huo tangu tumboni mwa mama yake, aligeuka, mkono ukapita, na mpira mwekundu wa Bwana Miwani ukaenda katikati ya ndege.

Ndege watatu walianguka. Wengine wakainuka kama vumbi. Mpira ukaendelea na safari yake, ukatumbukia mtoni.

Wanawake wote waliokuwa madunguni walipiga vigelegele. Walimshangilia, na Arafa naye alimshangilia, kwa maana mpunga ulikuwa umesalimika. Kule uwanjani wale wawili walikimbia, wakapishana, wakapishana tena, kisha wakatembea huku wakicheka, mpaka alama zikatimia na kuzidi. Wanawake hawakuelewa mpaka walipoona wazee wameinuka, wakikung'uta nguo zao, wakielekea majumbani.

Dida peke yake ndiye aliyesema. "Kwelea watatu! Mzungu anywe supu."

Sasa, mtu akikosea namna ile, atakayemlaumu ni nani? Mkono umefundishwa jambo moja maisha yake yote. Arafa mwenyewe, usiku ule wa kwanza, hakumlaumu. Alimtengea chakula, akamwambia, "Mungu ndiye aliyeleta ndege." Lau Jilo angeitikia amina akanyamaza, habari hii isingekuwa na la kusimulia.

Lakini asubuhi alikwenda barazani kwa wanaume, akasema, "Mke wangu ndiye aliyepiga ukelele. Nilikuwa na mpira mkononi, nimekwisha kulenga. Mnajua wanawake. Angenyamaza pumzi moja tu, tungeshinda."

Maneno yale yalimfikia Arafa kisimani kabla ya adhuhuri. Yalimfikia kupitia kinywa cha Barwako, jirani yake, aliyeyasema akiwa ameshika kiuno. "Kumbe ni wewe, mwenzangu, uliyetuuzia waume zetu."

Arafa alirudi nyumbani na mtungi nusu. "Umesema hivyo?" alimwuliza mumewe.

"Nimesema lililotokea."

"Nilikuwa juu ya dungu. Kazi yako. Ulitaka niwaimbie ndege?"

"Ningejua ningekuacha nyumbani."

"Na mimi ningejua," Arafa alisema, "ningewaachia ndege wale mpunga wote, na wewe ukatafute wali huko mtoni ulikotupa mpira."

Baada ya mavuno askari walikuja kuchukua watu. Desturi ilikuwa kila ua kutoa mwanamume mmoja. Ua wa Bibi Esha ulikuwa na wanaume wawili, mwana na mkwe, na kijiji kizima kilijua nani alipaswa kwenda. Jilo ndiye aliyepoteza mchezo, ndiye mwenye kifua, ndiye aliyezoea mto. Uledi alikuwa mwembamba, na kila mvua ilimwachia kikohozi.

Lakini askari mmoja alikuwa na neno kutoka kwa Bwana Miwani. Jilo asichukuliwe. Aende kambini akaendelee kujifunza, kwa sababu mwakani wageni wanarudi, na pondo litamharibu mkono.

Watu wote waliokuwa uani walimtazama Jilo. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Angesema, "Nitakwenda mimi," na huenda askari wangekataa, na bado angekuwa amesema. Alitazama chini. Akajikuna kiwiko.

"Haya, shemeji," Uledi alisema, akifunga kikoi chake. "Mkono wako wapumzika, wangu waenda kazini." Alisema kwa utani, maana hakujua kusema kwa namna nyingine. Akambusu mama yake mkono, akaondoka. Mungu amrehemu.

Aliyeleta habari ni Godhana, aliyekuwa katika mtumbwi uleule. Homa ilimshika Uledi walipopita Kinakomba. Hawakuruhusiwa kusimama. Alipiga pondo siku mbili na homa yake, kisha akalala ndani ya mtumbwi juu ya magunia, na walipofika Ndera alikuwa haongei. Watu wa Ndera, wageni kabisa, walimwosha, wakamsalia, wakamzika juu ya ukingo.

"Walimfanyia vizuri, mama," Godhana alimwambia Bibi Esha. "Hakuzikwa kama mbwa. Nakuapia."

"Sanda je?"

"Walitoa wao."

"Mungu awalipe," Bibi Esha akasema, na ndipo alipoanguka.

Jilo alikuja matangani siku ya pili kutoka kambini, amevaa suruali nyeupe aliyopewa. Aliketi na wanaume, akainua mikono wakati wa dua, akala. Siku ya tatu kabla ya khitma kumalizika aliondoka, kwa sababu, alisema, Bwana Miwani alikuwa akimngoja. Hakuingia ndani kumpa mama mkwe wake mkono. Arafa alikaa kizingitini akimngoja aingie, akaiona suruali ile nyeupe ikipungua njiani mpaka ikawa kama yangeyange.

Siku hiyohiyo akahamisha mkeka wake, vyungu vyake na kinu chake, akarudi kwa mama yake.

Mwaka ule uliofuata ulikuwa wa chuki. Kijiji kilimchukia Jilo kwa sababu ya walioteseka mtoni, na kilimchukia Arafa kwa ukelele wake, na wote wawili walichukiana kuliko walivyochukiwa. Jilo akipita, wanawake walio juu ya madungu walipiga ukelele wa ndege kwa makusudi, kisha wakacheka mpaka wakashika nguzo. Wenzake wa zamani hawakumpa nafasi barazani. Mwalimu Mohamed, aliyesomesha watoto Kurani na ndiye aliyewafungisha ndoa, alikwenda kwa huyu, akaja kwa yule, akavichakaza viatu vyake bure.

"Mwanangu," alimwambia Arafa, "mumeo anasema umsubiri. Mwakani wageni wakirudi atashinda, na aibu itaondoka. Anasema hilo tu ndilo lililo moyoni mwake, mchana na usiku."

"Hilo tu, Mwalimu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi ni kweli," Arafa alisema. "Ndilo hilo tu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Kusamehe ni bora, binti yangu. Umelisoma mwenyewe."

"Nimelisoma. Mwambie aje aseme kwa mama, 'Nimekosa, mwanao alikwenda badala yangu.' Aseme hilo mbele yako. Nitabeba kinu changu jioni hiyohiyo nirudi kwake."

Mwalimu Mohamed alilipeleka neno hilo kama lilivyo. Jibu alilorudi nalo ni kwamba Jilo angekuja baada ya mchezo. Angekuja akiwa ameshinda. Mtu hawezi kwenda kwa mama mkwe wake mikono mitupu.

Msimu ulipofika Bwana Miwani hakuwepo. Alikuwa amehamishwa, na mahali pake alikaa kijana mwenye nywele nyekundu asiyejua ahadi yoyote. Alivyorithi kutoka kwa mwenzake ni magongo, vijiti, na Jilo. Wageni wa Lamu walikuja kama kawaida. Kijijini watu waliambizana kwamba safari hii hakuna cha kushinda wala cha kushindwa, lakini wote walikwenda kutazama, kwa kuwa chuki nayo hupenda kukaa mahali pa kuona vizuri.

"Nenda," Bibi Esha alimwambia bintiye. "Mimi nitakaa na mpunga. Nenda ukamwone, ujue moyo wako unasemaje."

Arafa akaenda. Alisimama nyuma ya wanawake wengine, karibu na Dida na ng'ombe wake.

"Dada," Dida alisema, "leo usiseme hata neno. Ukipiga chafya tu tumekwisha."

Arafa alimsukuma ng'ombe mmoja kando ili apate kuona.

Jilo alikuwa amekonda. Alirusha vibaya mwanzoni, na watu wakafurahi waziwazi. "Hoooo! Hao! Hao!" wanawake wakaita, na yeye mabega yakamruka kila mara. Kisha, taratibu, mkono ukarudi. Alikuja kutoka mbali akikimbia, mguu wa mbele ukakanyaga, mkono ukapanda ukiwa umenyooka kama mchi, na mpira ukapiga chini mara moja ukapinda kuingia vijitini. Kimoja kiliruka, kikafuata kingine. Kelele za kumdhihaki zilififia zenyewe. Mwishoni walibaki wageni wawili na alama tatu, na Jilo akasimama na mpira mkononi, jasho likimtiririka.

Arafa alijikuta amesimama kwa ncha za vidole. Alijikuta midomo yake ikisema, "Ya Rabi, mpe." Alipojisikia akiomba hivyo, aliona haya mpaka masikio yakawaka, akaweka visigino vyake chini.

Jilo akarusha. Kijiti cha katikati kikang'oka.

Basi watu ni watu. Wale waliomfukuza barazani walimbeba. Barwako alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Kijana wa nywele nyekundu alimpa Jilo mkono na koti lake kuukuu, na karani Mgoa akasema kwamba Bwana amefurahi sana. Mzee mmoja akauliza habari za kupiga pondo. Karani akasema hilo hajaambiwa. Wiki iliyofuata askari walikuja wakachukua watu kama kawaida, lakini siku ile hakuna aliyetaka kulifikiria.

Walimleta Jilo mpaka uani kwa Bibi Esha, amevaa koti lake kwenye jua kali, huku wakiimba. Mwalimu Mohamed alikuja nao. Bibi Esha alitandika mkeka, akaleta maji. Wengine wakabaki nje ya ua wakiimba. Arafa akasimama kando ya mlango.

"Mama," Jilo alisema, "nimeshinda."

"Nimesikia, baba. Mungu ashukuriwe."

Kisha akaanza kusimulia. Alieleza mpira wa kwanza ulivyoteleza kwa umande. Alieleza Mzungu mrefu alivyodhani utakwenda kulia. Alieleza vidole vinavyoshikwa, na upepo, na namna alivyojiambia moyoni asisikie kitu. Alieleza vizuri, mikono ikichora hewani, macho yakimng'aa kama ya mvulana, na Bibi Esha akaitikia, "Ehee. Ehee." Arafa alingoja. Kila alipovuta pumzi Arafa alidhani sasa analitaja jina. Alieleza mpaka kijiti cha katikati kikang'oka, akanywa maji, akaweka kata chini.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Aibu imekwisha. Arafa, chukua vitu vyako twende."

"Umemaliza?" Arafa aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hakuna mtu mwingine unayetaka kumtaja katika ua huu?"

Jilo alimtazama Mwalimu, kisha akamtazama mama mkwe wake, kama mtu anayetafuta ni sheria gani ya mchezo ameivunja. Alijua. Arafa aliiona shingo yake ikisogea, akaona jina limefika kooni, na akaona alivyolimeza. Nje walikuwa wakimwita, "Jilo! Jilo mkono!"

"Nimeshinda, Arafa!" alisema kwa sauti kubwa. "Mbele ya watu wote! Unataka nini tena?"

"Nataka talaka yangu."

"Mwanangu!" Bibi Esha akasema.

"Mwalimu yupo. Mashahidi wako nje wanaimba. Nipe talaka yangu."

Huenda angekataa kama wasingekuwepo wale waimbaji. Lakini mtu aliyebebwa mabegani mchana hawezi kunyenyekea alasiri. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatamka talaka, akatoka. Nje nyimbo zikapanda.

Mwalimu Mohamed alibaki akitazama mkeka. "Angekuja kidogo kidogo," alisema. "Labda mwakani."

"Mimi nilikwisha kumsamehe," Bibi Esha akasema, akimgeukia bintiye kwa hasira. "Mimi niliyezaa! Wewe ni nani wa kukataa? Mungu hawapendi wenye mioyo migumu."

"Najua, mama."

"Wajua, na bado?"

"Najua," Arafa alisema, akaingia ndani kutia udhu, kwa kuwa alasiri ilikuwa inapita.

Jilo alihamia Kipini moja kwa moja, na inasemekana alirusha mpira mpaka bega likaoza. Hakuja tena Idsowe. Arafa alikaa eda. Ilipokwisha, watu wa Kinakomba waliokuwa wameleta tumbaku walikuwa wakirudi kwao, akawaomba nafasi katika mtumbwi, na kutoka Kinakomba akapata wengine wa kumfikisha Ndera. Wenyeji walimpokea vizuri, wakampeleka juu ya ukingo. Mto ulikuwa umefurika mara moja tangu wakati ule, ukalamba udongo. Walimwonyesha makaburi mawili yaliyokaribiana, wakamwambia kwa haya kwamba hawana hakika ni lipi la Uledi. Arafa akaketi katikati, akasoma Yasini, akawaombea wote wawili.